Kwenda Msituni Bila Kuombewa

Mama alikataa kuniombea. Alilisema hilo akiwa jikoni kwake Newburg, Louisville, hapa Marekani, anasonga bugali, mwiko mkononi, bila hata kugeuka.

"Kwa mutihani nakuombea. Kwa kazi nakuombea. Lakini kuingia mu pori kwa mapenzi yako? Hapana. Mungu ataniuliza kama niko na akili."

Asiyekulia nyumba kama yetu atadhani hilo ni neno dogo. Mimi sijawahi kufanya mtihani, kupanda ndege wala kuanza kazi bila kupiga magoti kwenye zulia la sebuleni, mikono ya mama ikiwa kichwani kwangu. Hata nilipohamia Columbus kusoma, umbali haukumshinda. Asubuhi ya mtihani nilimpigia simu, nikawasha spika, nikaiweka simu utosini, nikafumba macho. Siku moja mwenzangu wa nyumba, binti wa Tanzania, alinikuta jikoni nimesimama hivyo, simu kichwani kama mtungi, sauti ya mama ikikemea mapepo kutoka juu. Alisubiri kwa adabu mpaka Amina.

"Shoga," akasema, "mtandao ukikatika katikati, baraka inaishia shingoni?"

Nilicheka, lakini swali lile nililifikiria siku nzima. Ndivyo nilivyo. Barua pepe ya mistari miwili hunichukua saa moja, na nikishaituma naisoma upya kutafuta mahali nilipomkosea mtu. Nafunga mlango, nafika ngazi ya chini, narudi kuutikisa. Kwa mtu kama mimi, mikono ya mama haikuwa pambo. Ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Nilichokuwa nakitaka ni hiki: kutembea kwa miguu siku sita katika vilima vya Morvan, katikati ya Ufaransa, peke yangu, nikilala kwenye nyumba za wapita njia vijijini.

Tamaa hiyo ilinishika majira ya baridi ya mwaka wangu wa mwisho, katika chumba nilichopanga karibu na chuo, nikiandika tasnifu juu ya tope la mito. Nilikuwa nasoma makala za Kifaransa, maana Kifaransa tulitoka nacho Kongo. Lakini Kifaransa cha kwetu kilikuwa cha vitambulisho, cha kuitwa ofisini na cha kugombezwa. Basi nikakutana na ukurasa ulioeleza njia ya miguu msituni, ukaniambia hivi: ukipita kisima cha kufulia chenye paa, shika kushoto, panda kati ya kuta mbili za mawe, kwenye msalaba, iache barabara. Hakuna mtu aliyewahi kunipa amri zilizo wazi hivyo. Kisha nikasoma kuhusu alama. Miti ya njia zile imepakwa rangi: mstari mweupe juu ya mwekundu maana yake uko sawa, mistari ikipinda, nawe pinda, ukiona mistari imekatana, njia siyo hiyo. Na ukitembea muda mrefu bila kuona alama, rudi mpaka ile ya mwisho uliyoiona.

Sheria hiyo ya mwisho niliisoma mara nyingi. Msitu ambamo unaweza kukosea njia, na miti ikakuambia umekosea wapi! Nikaanza kusoma njia moja kila asubuhi, kabla sijafungua sura ya Biblia ambayo mama hututumia.

Sasa, mama naye aliwahi kutembea. Vita vilipofika kwenye milima yao huko Kivu aliingia msituni na kaka yangu wa miaka minane, ameshika pindo la kitenge chake, na mimi nikiwa mgongoni. Mimi sikumbuki chochote. Nilichorithi ni kanuni. Usivae rangi inayosema. Usikanyage penye maji, nyayo zitabaki. Ukisikia wanaume, toka njiani, lala, uso chini, mkono kinywani. Kanuni hizo tulizijua vizuri zaidi Newburg, mwezi wa saba wa kwanza tangu tufike, fataki zilipoanza kulia. Kabla yeyote kati yetu hajajua kwamba ni sikukuu ya uhuru wa Marekani, mama alikuwa ametulaza sote kwenye zulia. Miaka iliyofuata alijua ni fataki, lakini tulilala vilevile, ila sasa tukicheka.

Kwa hiyo nilijua ninachomwomba. Sitaki mtu anifikirie mtoto wa Marekani aliyesahau. Nilijua, na bado nilikasirika.

"Siye tulitembea mu pori ili weye usitembee," alisema siku ile ya bugali.

"Mama, mlitembea ili nisikimbie. Kutembea ni kitu kingine."

Hapo ndipo alipogeuka. "Unanifundisha Kiswahili ao unanifundisha pori?"

Kwetu, jambo likiwashinda wawili linapelekwa kwa mkubwa. Mkubwa ni kaka yangu, anayefanya kazi ghalani Buffalo na kuongea kama hakimu kila anapovaa shati la kola. Alisema mambo ya namna hii hayaendi kwa simu, nipande basi. Nikapanda, nikashuka Buffalo kwenye upepo wa ziwani, nikaketishwa mezani kwake. Kisha akampigia mama kwa simu na kuiegemeza kwenye kopo la sukari. Yaani ni mimi peke yangu ambaye mambo yangu hayakwenda kwa simu.

"Bon," akasema. "Petite, mudogo wangu, sema. Unaenda kufanya nini kule?"

"Kutembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kijiji mpaka kijiji. Halafu narudi."

"Donc, basi, hakuna mutu anakungojea."

"Hakuna."

"Hakuna kazi, hakuna ndoa, hakuna kilio."

"Hakuna, yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

Aliniangalia macho yote mawili, moja baada ya jingine. "Mama, haiko mugonjwa," akaiambia simu.

"Muulize kama kuko nyama ya pori," simu ikajibu.

"Kuna nguruwe mwitu tu," nikasema.

"Munasikia!" mama akapiga makofi, kana kwamba nimekiri kosa.

"Na nguruwe hajui kama uko na digri ya master," kaka akaongeza. Kisha akatoa hukumu: nisubiri mpaka mama apate amani ya kuniombea. Mwaka huu, mwaka ujao, Mungu ndiye anajua.

Alipokuwa ananirudisha kwenye basi alisema akiangalia barabara, "Weye ulibebwa. Mimi nilitembea na miguu yangu. Mupaka leo, hata park ya hapa siingii kama sioni gari yangu."

"Nisiende basi?"

"Hukumu nimekata. Usiniulize mara mbili."

Nilifungua simu nikakata tiketi ya ndege pale pale, kwenye kiti cha gari lake, nikiandika tarehe ya kuzaliwa mara tatu. Aliona. Akawasha redio.

Columbus ni tambarare kama meza, kwa hiyo mazoezi nilifanyia kwenye jengo la kuegesha magari karibu na chuo, kupanda ngazi na kushuka, nimebeba mifuko miwili ya mchele kwenye begi la mgongoni. Mlinzi aliniuliza kama nimepoteza gari. Nikasema ndiyo, ili nisieleze. Wiki mbili nilihangaika na koti: jekundu au la kijani kilichokolea? Nikachukua la kijani. Nilijiambia limenipendeza.

Asubuhi ya safari hapakuwa na simu utosini. Nilipiga magoti peke yangu kando ya kitanda nijiombee. Nilifika kwenye "Bwana", nikaanza kujiuliza kama nimezima jiko.

Nilikwenda.

Morvan haina milima ya kutisha. Ni vilima vya mviringo vilivyokaa karibukaribu, vimevikwa msitu. Upande mmoja misonobari imepandwa kwa mistari kama mahindi, giza chini yake hata mchana. Upande mwingine miti mikubwa ya zamani yenye gome laini la kijivu, na mwezi wa kumi majani yake yalikuwa rangi ya shaba na yakianguka bila upepo. Ng'ombe weupe walisimama kwenye mvua bila kuona haya. Vijiji vilikuwa na madirisha yaliyofungwa na mbwa mmoja mmoja. Kisima cha kufulia nilikikuta mahali kilipoandikwa kuwa kipo. Nikashika kushoto. Kuta mbili za mawe zilikuwepo. Nilipoona mstari mweupe juu ya mwekundu kwenye mti wa kwanza, niliugusa, kisha nikaangalia nyuma kama kuna aliyeniona.

Siku ya pili nilipotea, nikarudi mpaka alama ya mwisho, nikaipata njia. Nilikula mkate na jibini nimekaa kwenye jiwe, mvua ikitiririka kwenye kofia ya koti, nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuitilia shaka, nami kila kitu nakitilia shaka. Kwa Kifaransa changu nilimwomba mwanamke wa nyumba ya wageni maji ya moto, akanipa na supu. Hakuniuliza karatasi yoyote.

Siku ya tatu, mwanzoni mwa njia, palikuwa na ubao: uwindaji unaendelea. Niliusoma mara mbili. Mtu mwingine angegeuka, au angesubiri, au angeuliza. Mimi niliwaza: basi nitembee kimyakimya, nisiwasumbue watu.

Nilikuwa katikati ya kilima mlio wa kwanza wa bunduki uliposikika. Sikuamua kitu. Nakumbuka mkono wangu ukiwa tayari kinywani, uso kwenye majani yaliyooza, hatua kumi nje ya njia, nyuma ya mti ulioanguka. Nilikuwa nimelala vizuri sana. Begi nilikuwa nimelivua na kulivuta chini ya kifua ili lisionekane. Hilo hakuna aliyewahi kunifundisha kwa maneno. Wanaume waliitana chini bondeni. Mlio wa pili. Kisha njuga, nyingi, zikija mbio, na kabla sijafikiri ni nini, mbwa alikuwa ananilamba sikio.

"Simama!" mtu akapiga ukelele kwa Kifaransa. "Simama nikuone, jamani, simama!"

Nilisimama. Alikuwa mzee mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, bunduki ameifungua mkononi.

"Ulikuwa unafanya nini pale chini?"

"Nilisikia watu," nikasema.

"Sasa ukisikia watu, si unaita?"

Aliuliza kwa hasira ya mtu aliyetishika, lakini kwake lilikuwa swali la kawaida kabisa: ukisikia watu msituni, unaita. Kuna sehemu duniani ambako hivyo ndivyo watu wanavyokua. Alilinyanyua pindo la koti langu kwa vidole viwili. "Na hili je? Nani alikuuzia? Kijani, umelala, kwenye majani ya kangaga, mbwa wanakuja. Unajua ulikuwa umebakiza nini uwe nguruwe? Mkia tu."

Alivua kizibao chake akanivalisha mwenyewe, akavuta kamba kiunoni kama navishwa kwenda shule. Akatoa simu ya upepo mfukoni, akawaambia wenzake kuna binti anashuka kwa njia ya juu, wasimamishe kila kitu. "Wewe sasa," akaniambia, "shuka kwa kelele. Imba, ongea, tukana ukitaka. Nataka kukusikia mpaka kijijini."

Kuimba peke yangu mbele ya watu siwezi. Nikaanza kusema, na kitu pekee nilichokuwa nacho mdomoni tayari ni ule ubishi wa jikoni. Nikaupiga kelele wote kwa Kiswahili, nikishuka kilima kile. "Mlitembea ili nisikimbie!" nikapaza. "Kutembea ni kitu kingine!" Nilipomaliza upande wangu ilibidi niseme na upande wa mama, maana yeye hubishana vizuri kuliko mimi, na kimya hakikuruhusiwa. "Unanifundisha pori?" nikajiuliza kwa sauti yake. "Ndiyo!" nikajijibu. "Nakufundisha pori! Hili halina mtu anayetutafuta!" Kutoka bondeni wanaume wakajibu kwa kuita, wakidhani nawasalimia. Mbwa wakabweka. Nilipigana na mama, na kaka, na mlinzi wa ngazi, na kila mwalimu aliyewahi kuniambia nina aibu, mpaka nikafika kwenye nyumba za kwanza nikiwa sina sauti.

Jioni kizibao nilikirudisha kwa mwenyewe. Kesho yake nilinunua changu, nikamaliza siku tatu zilizobaki nikiita kila nilipofika kona.

Nilirudi Louisville Jumapili. Mama alikuwa ametoka kanisani, viatu amevivua, miguu juu ya kiti. Wiki nzima, kazini kwake, huwanyanyua wazee wa watu vitandani, na Jumapili miguu yake humdai. Nilikuwa nimetunga maelezo kwenye ndege, toleo la kwanza mpaka la tano. Nikayaacha yote, nikamwambia nilisikia bunduki nikalala.

Alishusha miguu. "Uso chini?"

"Chini."

"Mukono ku kinywa?"

"Ndiyo."

"Na muzigo?"

"Chini ya kifua."

"Muzuri," akasema, na nikaona anafurahi, kama siku niliyomwonyesha cheti.

"Si muzuri, mama. Walikuwa wanawinda nguruwe. Nilivaa kijani, nikalala kwenye majani. Wangeniua kwa sababu walikuwa hawanioni."

Akasema, "Donc ni mimi."

Hapo mtoto mwema angesema hapana, mama, si wewe. Nilitaka kulisema. Lakini lilikuwa uongo, na niliogopa kwamba nikilisema nitarudi kulala kwenye zulia maisha yangu yote.

"Kanuni yako ilinivusha Kivu," nikasema. "Kule karibu iniue. Zote mbili ni kweli."

Hakulia. Alivuta kitenge magotini. Akauliza ile miti hupakwa rangi na nani. Nikamwambia ni watu wa vijiji vile vile, wanajitolea, wanapita na kopo na brashi alama zikififia.

"Siye hakukukuwa mutu wa kutupakia miti rangi," akasema.

"Najua."

"Haujue. Lakini bon, sawa."

Kisha nikamwambia kilichokuwa kimenileta, kabla ujasiri haujaisha: kwamba mwezi wa nne narudi, uwindaji ukiwa umefungwa, upande wa kusini wa vilima vile ambao sikufika.

"Sitakuombea."

"Usiniombee, mama. Nitaenda."

"Haiko kama nakukatalia." Aliiangalia mikono yake, viganja juu, kama vyombo vya mtu mwingine. "Siwezi kukuwekea mukono ku kichwa niseme, Bwana, mupeleke mu pori. Nimejaribu. Ile siku uliondoka, nimejaribu hapa hapa. Mukono inakataa."

Miezi yote ile nilidhani ananinyima kitu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa ajili ya mali ambayo hakuwa nayo. Lakini sikuifuta safari. Naliandika hili kwa sababu kila ninayemsimulia anangojea sehemu ambapo tunakumbatiana na mimi naghairi, au yeye anabadilika na kuniwekea mikono. Hakubadilika. Sikughairi. Alinipakulia chakula, tukala, akaniuliza kama kule kuna sombe, kisamvu chetu, nikasema hakuna, akasema basi ni nchi ya namna gani.

Mwezi wa nne nilikwenda. Asubuhi ya safari nilisimama mlangoni kwangu Columbus, begi mgongoni, na wasiwasi ule ule wa kabla ya kila kitu, mtihani, simu, barua ya mistari miwili. Nilingoja utulie. Haukutulia. Nikafunga mlango, nikashuka nao ngazi, na sikurudi kuutikisa mlango.